Ndege wa Getini, Ndege wa Jikoni

Machi 3

Leo Baba amepotea, na wala hakutoka nje ya geti.

Nilikuwa napiga pasi mashuka ya wateja, nikasikia mtu anabisha hodi. Ko, ko, ko, kwa adabu kabisa. Nikafungua mlango, hapana mtu. Nikazunguka nyumba, nikamkuta Baba amesimama nyuma, uso karibu uguse ukuta wa uzio, anaugonga kwa vifundo vya vidole na kungoja afunguliwe.

"Baba, huo ukuta."

"Najua," akasema.

Hakujua. Nikamshika mkono, nikamrudisha ndani. Ukuta huo aliujenga mwenyewe, mimi na mdogo wangu tukimletea maji ya kukorogea saruji.

Macho yake yalikwisha mwaka jana. Presha ya macho ilinyemelea kidogo kidogo mpaka ikabeba yote. Tangu hapo dunia yake ni kitanda, kiti cha dirishani na choo. Leo alijaribu kwenda getini peke yake bila kumwambia mtu, akapotea wakati wa kurudi. Nimefikiria sana kwa nini. Uwanja wetu hauna kitu, ndiyo sababu. Baba alikuwa msimamizi wa wafagiaji wa barabara, na kazi yake alikuwa akirudi nayo nyumbani. Mti uliothubutu kudondosha jani aliukata. Udongo umefagiwa miaka nenda miaka rudi mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Wageni walikuwa wakitusifu kwa usafi. Sasa akisimama katikati hana cha kumwambia yuko wapi, kwa kuwa kila upande ni mtupu vilevile.

Machi 4

Mdogo wangu kapiga simu. Mimi humwita Bwana Mkubwa, kwa ajili ya ofisi yake na tai zake. Nilimweleza ya jana, na sasa najuta.

"Dada, hiyo ndiyo dalili. Masika yakiisha tu, barabara ikikauka, nakuja na gari namchukua. Chumba kipo."

"Ghorofa ya nne?"

"Kuna lifti."

"Na akitaka kutoka nje?"

"Atoke aende wapi, dada? Haoni."

Sauti ya simu yangu hutoka nje, Baba alisikia kila neno. Alipomaliza chai akauliza analouliza kila asubuhi: "Umefagia?"

"Nimefagia."

"Sawa."

Machi 6

Nimefunga kamba kutoka mlango wa jikoni hadi getini, ashike atembee. Ameipapasa, kisha akaiachia. "Mimi si mbuzi, mama." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nimeihamisha, naanikia mashuka.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Ilipokatika, ndege akalia, na Baba akiwa kitini pake akanyoosha kidole: "Kule ni kwa Bi Pori." Alielekeza sawasawa, kama mtu mwenye macho yake mawili.

Bi Pori ni jirani yetu wa upande wa jikoni. Jina alipewa na Baba, zamani, maana uwanja wake haufyekwi wala haufagiwi, na majani yake yanamwagika kwetu juu ya ukuta. Wamegombania majani hayo tangu mimi binti. Sijawahi kumpenda. Mwanamke mzima, mwenye afya yake, anakaa kwenye kibaraza na kutazama magugu yakiota.

"Umejuaje ni kwake, Baba?"

"Mtaa huu ndege wote wako kwake. Kwetu watafuata nini?"

Neno hilo nimepiga nalo pasi siku nzima.

Machi 10

Nimekata shauri. Kila upande wa uwanja uwe na ndege wake. Akimsikia huyu, ajue geti liko huku. Akimsikia yule, ajue jiko liko kule. Masika yakiisha Bwana Mkubwa amkute Baba anatembea nyumbani kwake peke yake, na hapo atakuwa hana la kusema. Baba sijamwambia, atanicheka.

Machi 12

Nimekwenda kwa muuza miche wa barabara kuu. Nimechagua yenye maua makubwa kuliko yote, mekundu na ya zambarau, mengine yamejikunja kama vitambaa vya harusi. Aliniapia kwamba ndege watagombana.

Machi 13

Nimepanda. Baba amesikia jembe. "Unachimba nini?" Nikamwambia maua. Akasema maua hupukutika.

Machi 19

Hakuna ndege.

Machi 24

Maua yamefunguka yote, uwanja unang'ara. Hakuna ndege. Hata nyuki hakuna.

Machi 25

Nilikuwa namwagilia, kichwa cha Bi Pori kikachomoza juu ya ukuta.

"Jirani, maua mazuri. Ya nani?"

"Ya ndege," nikasema, halafu nikaona aibu, nikalazimika kumweleza yote, mpaka habari ya Baba kuugonga ukuta. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Hayo ndege hawayajui," akasema. "Yametoka mbali. Hata kiwavi hayataki. Chukua ya huku, yaliyoota yenyewe."

"Yapi sasa?"

"Mwanangu, mimi sijui majina. Mimi huwa sifagii tu. Njoo uangalie mwenyewe nani anakula wapi."

Machi 28

Siku ya tatu leo nakwenda kwa Bi Pori asubuhi, nakaa kwenye kibaraza chake na kutazama, kazi ambayo nilimsema nayo miaka yote. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ndege hawachanganyiki ovyo. Shore, wale wa kichwa cheusi wanaoamka wakipiga soga, wako kwenye mti wa mkole, wanakula vitunda vyake na viwavi wake. Chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa, hawatoki kwenye mshubiri, wanatumbukiza midomo yao iliyopinda ndani ya maua, mmoja baada ya mwingine. Kule bondeni penye maji, mnana wanafuma viota kwenye matete na kelele zao hazina mwisho. Ua la bustani ya Bi Pori lililo zuri kwa macho yangu halina mgeni hata mmoja. Nimeanza kuchagua kwa masikio.

Machi 30

Nimekwisha kuchagua. Naandika nisisahau.

Getini, kando ya mtaro, matete. Mnana hawanyamazi, na geti ndilo linalotakiwa kusikika kutoka mbali. Dirishani kwa Baba, mshubiri, kwa sababu sauti ya chozi ni nyembamba na inafaa mtu aliye karibu. Jikoni sina haja ya kupanda. Mkole wa Bi Pori umekwisha kuinama juu ya ukuta upande huo. Kila mwaka Baba alikuwa akiukata, na mwaka huu hautakatwa.

Ukuta wa nyuma nauacha mtupu makusudi. Akisikia kimya mbele yake, ajue hapo si njia.

Bi Pori kaniongezea mche wa mkuyu, urefu wa kiganja. Nimeuliza utazaa lini. Kasema mwulize mjukuu wako. Sina mtoto, na yeye anajua, tukacheka wote wawili. Nimeupanda kwenye kona, mbali na ukuta.

Nimeyang'oa maua yote ya muuza miche, na dirishani nimepanda mshubiri mkubwa alionipa Bi Pori.

Aprili 2

Mvua. Nimevuta matete kutoka bondeni na mizizi na tope lake. Nguo zangu hazitamaniki.

Aprili 3

"Umefagia?"

"Bado, Baba."

"Sikusikia ufagio jana pia."

Nimefagia.

Aprili 8

Mvua, mvua, mvua. Mashuka hayakauki, nyumba nzima inanuka unyevu. Mshubiri umetoa bua la ua.

Aprili 11

Imebidi nimwambie, maana majani ya mkole yanaanguka jikoni na ameyakanyaga akienda chooni.

"Nyumba yangu unaigeuza kwa Bi Pori," akasema.

"Naigeuza yako, Baba. Kwa sasa si ya mtu."

Nimesema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akageuza uso dirishani.

Aprili 14

Chozi amekuja mshubirini. Baba ameacha kunywa chai, kikombe hewani, mpaka ndege akaondoka. Kisha akamalizia chai iliyokwisha kupoa.

Aprili 17

Shore wamejenga ndani ya mkole, upande wetu. Nimemwambia, akajibu "Mm." Huyo ni mtu ambaye angeng'oa kiota kwa mti wa ufagio.

Aprili 20

Leo nimeingia jikoni nikamkuta Baba amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, sikio limeelekea ukutani. Amefika peke yake.

"Wana makinda," akasema. "Sikiliza. Mkubwa akitua wanalia, akiruka wananyamaza."

Nilikuwa na sufuria mkononi, nikabaki nayo hivyohivyo. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Jioni nimempigia Bwana Mkubwa, sikumwambia kitu, nilitaka tu kuisikia sauti yake nikiwa nimeshinda.

Aprili 21

Amefika jikoni tena. Mnana wawili wameonekana kwenye matete.

Aprili 22

Jikoni, na hatua kadhaa nje ya mlango. Akarudi mwenyewe kwa kuwafuata shore.

Aprili 24

Mkole umeingiwa na viwavi. Majani yametobolewa yote, mengine yamebaki mishipa mitupu, na kinyesi cheusi kimetapakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nimefagia mara mbili. Nimechukia sana. Baada ya kazi yote hii mti unaliwa mbele ya macho yangu. Stoo kuna dawa ya wadudu ya Baba na bomba lake la kupulizia. Nimepulizia jani kwa jani, juu na chini, mpaka mkono ukaniuma. Viwavi wameanguka kama mvua. Nimewazoa, nimeosha ngazi kwa sabuni. Sasa jikoni pananukia usafi.

Aprili 26

Sijui nianzie wapi.

Baba alikuja jikoni kama kawaida, akasimama mlangoni. Nikaona anageuza kichwa, mara huku mara huku.

"Mbona kimya?"

"Wametoka kutafuta chakula," nikasema.

"Na makinda nao wametoka?"

Nikapanda kwenye kigoda. Makinda watatu, wamekufa, midomo wazi. Chini ya ukuta, upande wa Bi Pori, shore mmoja mkubwa alikuwa amelala chali. Bi Pori alitoka akamwona, akaniona mimi, akaliona bomba ambalo nilikuwa sijalirudisha stoo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Walikuwa wanawalisha makinda viwavi haohao wa dawa, mwanangu," akasema. Akamwokota yule mkubwa kwa kiganja, nami nikampa makinda, akaenda kuwafukia.

Niliposhuka, Baba alikuwa bado amesimama. Nilitaka kudanganya. Ningesema paka. Lakini yeye sasa ana masikio tu, na nikianza kuyadanganya masikio yake atabaki na nini? Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni mimi, nilipulizia dawa yake kwa bomba lake, kwa sababu niliona uchafu.

Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, na sijapata kumwona amezeeka hivyo.

"Si kosa lako," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Humu ndani tunajua kuondoa tu."

Kisha akasema, "Mpigie mdogo wako. Mwambie asingoje masika yaishe."

"Baba."

"Mpigie. Kule hakuna kitu cha kuua."

Nilimsaidia hadi kitandani, akageukia ukutani. Nikatoka na simu barazani. Iliita mara moja tu, akapokea. "Haloo, dada? Kuna nini? Baba yuko salama?" Aliuliza haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja habari mbaya na simu mkononi. Sikuitegemea sauti hiyo kwake.

"Yuko salama. Nilikuwa nakusalimu tu."

Nimekaa nikalia. Halafu nimeimwaga dawa shimoni, nikalivunja bomba kwa jiwe.

Aprili 27

Hatoki kitandani.

Aprili 28

Hatoki. Mvua kubwa tangu alfajiri. Iuoshe mkole, naiombea hilo tu.

Mei 1

Bi Pori amebisha hodi. Tangu nizaliwe hajawahi kuingia geti hili. Amekuja na magunia mawili ya majani makavu.

"Mwage chini ya mkole. Wadudu watajirudia wenyewe, na wakirudi hao, wengine watafuata. Usiguse tena."

"Baba atasemaje?"

Akapaza sauti kuelekea dirishani. "Mzee! Uliyarudisha majani yangu juu ya ukuta miaka yote. Leo nimekuletea ya kwako!"

Halafu tukasikia, kwa mbali: "Yaweke vizuri basi, usiyatawanye."

Nimemwaga kila mahali, isipokuwa njia, kutoka mlango wa jikoni mpaka getini. Hiyo nimeifagia kama alivyonifundisha. Kwa mara ya kwanza uwanja wetu una njia.

Mei 5

Baba ameniita. "Nani anatembea huko nje?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Anakanyaga majani. Mwizi huyo."

Nimechungulia. Ni kurumbiza, ndege wa kifua cha rangi ya chungwa, anapindua majani kwa mdomo akitafuta wadudu, na kishindo chake ni cha mtu mzima. Nimemwambia Baba. Amecheka. Ameamka, amevaa viatu.

Mei 6

Amekanyaga majani, akasimama, akarudi nyuma mpaka mguu ukaona udongo mtupu. "Kumbe umeniwekea kingo," akasema. Akauliza ufagio uko wapi.

Nilidhani atayafagia yote. Sikumzuia, ni uwanja wake. Akainama, akaanza kwenye ngazi ya jikoni, anafagia pembeni kidogo, anakanyaga, anafagia tena. Mnana wanapiga kelele mbele na yeye anawafuata. Alifika nusu. Akachoka, akageuka mwenyewe, akarudi. Mgongo umelowa jasho. Nimekaa jikoni nimeng'ata kanga.

Mei 7

Nusu.

Mei 9

Nusu na kidogo. Ametukana mvua.

Mei 13

Amegusa geti. Amerudi, ameomba chai, amejisifu mpaka imepoa.

Mei 15

Sasa ananiambia mimi habari za mtaa. Mnana wakinyamaza ghafla, anasema kuna mtu getini, na kweli mtu anabisha. Leo amemtaja Bi Pori kabla hajagonga. "Nimesikia nyayo, na ndege wakimwona yeye hawanyamazi," akasema. "Wamemzoea." Na Bi Pori, ambaye nilimwita mvivu, alikaa akamenya viazi vyangu vyote huku akibishana na Baba.

Mei 18

Ameuliza habari za mkuyu. Nikampeleka, akapapasa majani yake manne.

"Huu utaleta ndege gani?"

"Bi Pori anasema wote."

"Lini?"

Nikamwambia Bi Pori kasema nimwulize mjukuu wangu. Akasema, "Basi mimi huu sitausikia." Alisema bila kunung'unika. Akauwekea kokoto kuuzunguka, apajue asije akaufagia.

Mei 27

Mvua zinapungua. Makinda wa mnana wameruka.

Mei 31

Jua kali. Kelele za getini zimepungua, nimejitia sijasikia.

Juni 2

Mnana wamehama. Wamekwisha kulea, wameacha viota vitupu kwenye matete, na upande wa geti ni kimya kama ukuta wa nyuma. Sikulijua hilo, na Bi Pori hakulisema, labda alidhani kila mtu anajua. Nimekwenda kumwuliza watarudi lini. Masika mengine. Bwana Mkubwa katuma ujumbe: anakuja keshokutwa. Baba nimempa habari ya ujio, habari ya mnana sikumpa. Atakuwa ameshasikia.

Juni 3

Baba amelala na homa kidogo, hakufagia. Sina raha. Nilichompandia kimemkimbia siku ninayokihitaji.

Juni 4

Mdogo wangu amelala hapa. Kesho anarudi peke yake. Naandika ilivyokuwa.

Honi ililia nikiwa jikoni. Nikafuta mikono nikafungue. Baba akatoka chumbani amevaa shati lililonyooka. "Acha," akasema, akanipita. Akashuka ngazi. Mbele yake hakukuwa na sauti ya ndege hata mmoja. Nilibaki mlangoni, nimeshika fremu, nikiomba. Alikwenda polepole, akasita mara moja, akapapasa kwa mguu, akaendelea. Akanyoosha mkono akalikuta komeo, akalivuta.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje na tai yake. Akatazama nyuma ya Baba, ananitafuta mimi. Niko mbali.

"Nani amekuleta mpaka hapa?"

"Kwani hapa ni kwa nani?" Baba akasema. "Pita."

Nimekwenda mbio. Nikamwuliza Baba aliwezaje, na mnana wamehama. Akanishangaa. "Ndege wamehama, mama. Geti limehama?"

Hapo mdogo wangu akaanza kulia, mtu mzima, wazi wazi barabarani. Nikadhani ni furaha, lakini ilikuwa zaidi ya hiyo. Akasema ameweka vishikio kwenye kuta zote kule kwake. Ametoa meza na makabati. Akapandisha suruali, akatuonyesha miguu ina makovu mabichi, maana Jumapili zote alijifunga kitambaa machoni akatembea nyumba yake, ili ajue Baba atajigonga wapi. Nami nilimwita Bwana Mkubwa miezi yote hii, nikidhani ana lifti tu.

Baba akamtafuta uso kwa kiganja, akaupata.

"Sikukataa kwako, mwanangu. Nilikataa kubebwa. Nitakuja, na nitarudi."

"Sawa, Baba."

"Sasa fumba macho. Umefumba?"

"Nimefumba."

"Shika bega langu."

Wakaingia hivyo, kipofu mbele na mwenye macho nyuma, wakifuata njia kutoka getini kuja jikoni. Nilisogea pembeni wapite. Katikati ya safari kiatu cha mdogo wangu kikakanyaga majani makavu, akataka kufumbua macho, nikaona kope zinatetemeka.

"Hapo unapotea," Baba akamwambia. "Usiogope. Rudi huku."